Vigezo na Masharti Kuzingatiwa

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia hapa hapa Nachingwea. Insha nilizosahihisha hazina idadi. Kwa hiyo, mdogo wangu wa kike aliponijia jioni moja mwishoni mwa mwaka 2015, mkononi ana karatasi ya tangazo, akaniambia, "Kaka, hebu nisomee vizuri, wewe ndiye mwalimu," sikuona kwamba nimepewa kazi ngumu. Nilivaa miwani, nikasoma, nikamweleza. Nilichomweleza hakikuwa sahihi, na aliyelipia kosa langu ni yeye.

Mdogo wangu ni mjane na ni fundi cherehani, ana kibaraza chake jirani na soko. Wakati ule alitaka kununua vitambaa vya sare kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wenyeji wa huku wanaifahamu miezi hiyo: fedha za ufuta zimekwisha siku nyingi, za korosho bado zinasubiriwa, na shamba nalo linataka kulimwa. Ndiyo miezi ambayo matangazo ya mikopo huchipua kwenye nguzo na milango ya maduka kama uyoga.

Lile tangazo lilisema hivi: Mkopo nafuu! Pata hadi shilingi milioni mbili. Riba asilimia 5 tu. Bila dhamana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo mithili ya mayai ya chawa, paliandikwa: Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Alitaka shilingi 600,000 kwa miezi 6. Nikachukua kalamu, nikampigia hesabu: asilimia 5 ya laki sita ni 30,000, basi utarudisha 630,000. Akacheka kwa furaha, akasema hizo atazipata kwa sare chache tu. Kesho yake akaenda kutia dole gumba.

Kumbe ile asilimia 5 ilikuwa ya kila mwezi. Tena haikuhesabiwa kwa deni lililobaki, bali kwa zile laki sita zote, tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Riba ikawa 180,000. Kabla hajakabidhiwa fedha alikatwa 10,000 za fomu, 12,000 za kile kilichoitwa bima ya mkopo, na 18,000 za kushughulikia maombi, hata akatoka mlangoni na 560,000. Rejesho lake lilikuwa 130,000 kila mwezi, jumla 780,000. Hebu msomaji tazama mwezi wa sita: deni la asili lililobaki ni 100,000, lakini riba ya mwezi huo ni ile ile 30,000. Hiyo si asilimia 5 tena. Ni asilimia 30, kwa mwezi mmoja.

Nimeyarudia maneno ya karatasi ile mara nyingi, kama mtu anayerudia barua ya msiba. Jambo linalonikera ni kwamba hakuna neno hata moja ndani yake ambalo mahakama ingeliita uongo. "Nafuu" ni neno la kulinganisha. Nafuu kuliko nini, hawakusema. "Hadi" haikuambii utapata kiasi gani, inakuambia mahali ambapo hutavuka. "Tu" ni neno la herufi mbili lisilo na thamani yoyote ya hesabu, walakini ndilo lililonifumba macho, maana mtu akisikia "tu" huacha kuuliza "kwa muda gani?" Na "bila dhamana" maana yake ilikuwa bila hati ya nyumba, ndani ya fomu mlikuwa na ukurasa wa kuorodhesha mali za nyumbani, naye aliandika cherehani, godoro na redio, akidhani ni takwimu za serikali.

Lakini lile lililonishinda kabisa ni "kuzingatiwa". Mwanafunzi wa kidato cha pili angeniandikia sentensi ya namna hiyo, ningeizungushia wino mwekundu na kuuliza pembeni: nani azingatie? Vigezo gani? Tendo lipo, mtenda hayupo. Ni sentensi iliyojengwa makusudi ili mwenye kuisema asionekane ndani yake.

Aliweza marejesho manne. La tano lilimkuta mtoto yu mgonjwa na wateja wa sare wamekwisha. Afisa mikopo alikuja na vijana wawili na ule ukurasa wa orodha, wakaibeba cherehani aliyoachiwa na marehemu mume wake. Nilitoa 260,000 za marejesho mawili, na 26,000 za faini, kutoka katika akiba yangu ya uzeeni. Cherehani ilirudi. Shemeji zake walikwisha kusema mengi barazani, nami sikuwa na la kujibu, kwa kuwa msomaji wa tangazo nilikuwa mimi.

Huku kwetu tunayo biashara nyingine ya shida, kangomba, ambapo mkulima huuza korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa. Serikali inaipiga vita, na ni haki yake. Hata hivyo mnunuzi wa kangomba hasemi "nafuu". Anataja fedha anayotoa na korosho anazotaka, na mkulima anajua kuwa anaumia. Vivyo hivyo wananchi wenyewe walipoipa mikopo ya aina ile jina, hawakutafuta tafsida: waliiita "kausha damu". Sijawahi kuona jina hilo kwenye bango lolote.

Ustadi wa kuchagua neno tuliuona kwa nchi nzima katika jambo la DECI. Ungemwambia mkulima akupe fedha zake bila kumweleza utazifanyia nini, angekuuliza maswali hadi jua lizame. Wale hawakusema hivyo. Walisema panda mbegu, nawe utavuna. Mbegu yenyewe ilikuwa fedha iliyotolewa na mtu aliyeingia nyuma yako, na siku watu wapya walipopungua, shamba halikuwapo. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Sheria huuita mchezo wa namna hiyo upatu, jambo linalonisikitisha kidogo, kwani upatu niliomwona mama yangu akiucheza na wenzake ulikuwa wa haki, na kila mmoja alijua zamu yake. Nasi wa Nachingwea tulipaswa kuwa wa mwisho kulewa ahadi za mbegu. Ni hapa ambapo Waingereza, kuanzia mwaka 1947, walifyeka misitu kwa ajili ya karanga zilizokuwa zimestawi vizuri sana kwenye karatasi za London. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikaenda na maji.

Yapo yaliyorekebishwa tangu siku zile. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Novemba 2024 ilitangaza pia majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Nashukuru. Ila asilimia 3.5 kwa mwezi ni 42 kwa mwaka, na sijaona tangazo lililoandika 42.

Mwaka jana nilikuwa nimeketi barazani kwa mdogo wangu, ninasubiri anipunguzie suruali, alipopita kijana nadhifu na karatasi zake za rangi. Alizungumza vizuri, kwa adabu, akimwita mama. Nikanyosha mkono niisome karatasi. Mdogo wangu akaniwahi, akaichukua, akaigeuza upande usio na maandishi, akampa kijana ile chaki yake ya kukatia vitambaa.

"Mwanangu," akamwambia, "niandikie hapa: unanitia mkononi shilingi ngapi, na siku ya mwisho nitakuwa nimekupa shilingi ngapi. Mbili hizo tu."

Kijana alisema hesabu hizo zinafanyika ofisini, akaahidi kurudi kesho yake. Hakurudi. Chaki aliondoka nayo.