Wanaotazama Kabla Yetu

Nairobi, Jumatatu, 3 Februari 2025

Mhadhara wa leo ulihusu tovuti ya Ushahidi. Wengi wetu darasani tulikuwa watoto wadogo mapema 2008, kwa hiyo mwalimu alianzia mbali: uchaguzi wa Desemba 2007, serikali kupiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika machafuko yaliyofuata. Habari zikabaki kwenye SMS na uvumi. Ory Okolloh akauliza kwenye blogu yake kama wapo mafundi wa kompyuta wa kuyaweka matukio hayo kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitika, na Januari hiyohiyo tovuti ikaanza kazi.

Darasa zima lilivutiwa na ramani. Mimi nimebaki na jambo ambalo mwalimu alilipitia mbiombio: ujumbe ukiingia, ilibidi mtu ausome, aulinganishe na taarifa nyingine, ndipo uonekane. Kuna watu waliokesha wakisoma habari za nyumba zilizochomwa na majirani waliogeukana. Slaidi hazikuwataja. Nimeandika pembeni mwa daftari: nani husoma?

Alhamisi, 6 Februari

Haiti, tetemeko la 12 Januari 2010. Jukwaa lilelile la Ushahidi lilitumika. Waathiriwa walituma ujumbe kwa nambari 4636, wengi kwa Krioli, na Wahaiti walioko ughaibuni wakawa wanatafsiri ili waokoaji waelewe. Swali langu la Jumatatu limepata jibu la kwanza: husoma wale wanaoijua lugha. Hao walijitolea. Lakini lugha hiyohiyo ikitakiwa kila siku, mwaka mzima, na kampuni kubwa, inakuwa kazi ya zamu na mshahara.

Jumapili, 16 Februari

Nimeshinda mtaa wa Umoja kwa shangazi. Dada anayeishi mlango wa pili alikuja tukachambua sukuma wiki pamoja. Nilijua tu kwamba aliwahi kufanya kazi "ya kompyuta". Nilipomweleza ninachosoma chuoni akanyamaza, halafu akasema alikuwa mchujaji: video zilizoripotiwa na watumiaji zilimfikia yeye, akaamua zibaki au zifutwe. Alipewa za Kiswahili.

"Picha, mdogo wangu, unaweza kuifanya ndogo ukaiweka kwenye kona ya kioo," akaniambia. "Sauti inaingia tu. Na huwezi kuizima kila mara, kwa sababu wakati mwingine kosa liko kwenye maneno."

Mpwa wake alikuwa sebuleni na simu. Kila video mpya ilipoanza, mikono ya dada ilisimama juu ya sinia mpaka asikie kama ni muziki au ni mtu anacheka, ndipo akaendelea kuchambua. Aliiacha kazi hiyo zamani. Shangazi anasema hadi leo usingizi wake ni wa kubahatisha.

Siku nzima nimewaza jinsi tunavyojifunza athari za mitandao kwa jamii: vijana na TikTok, uchaguzi, habari za uongo. Yote ni athari kwa anayetazama baada ya uchafu kuondolewa. Aliyeuondoa anaishi mtaa mmoja na sisi, na mtaala haumjui.

Jumatano, 26 Februari

Nimepeleka mada ya insha ya muhula. Karibu darasa zima linaandika kuhusu Juni 2024, na nawaelewa. Vijana walijipanga kwenye X na TikTok, tarehe 25 wakajaa barabarani, wengine wakauawa kwa risasi, kesho yake rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Ni lazima yaandikwe.

Yangu, ya wachujaji wa maudhui, mwalimu aliitazama, akasema, "Hii si ni ya wanasheria wa kazi?" Nilikuwa nimejiandaa. Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyechuja maudhui ya Facebook hapa Nairobi chini ya kampuni ya mkataba, alifungua kesi Mei 2022. Meta, kampuni mama ya Facebook, ikadai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 mahakama ya kazi ikaamua kwamba inaweza kushtakiwa hapa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono. Desemba, katika kesi ya wachujaji wengine, ripoti za daktari zilionyesha zaidi ya 140 kati yao wana maradhi yatokanayo na kiwewe. Hao ni wazazi, wapangaji, watu wa kanisani na msikitini. Hiyo si jamii?

Akakubali, kwa sharti kwamba niwahoji na watu wa nyumbani mwao, kisha niambatishe rekodi. La kwanza nimelipenda sana. La pili nimemwomba aliondoe, kwa sababu dada wa Umoja amekubali kuongea Jumamosi ila hataki jina lake wala sauti yake ibaki popote. Mwalimu ameniambia nimwandikie barua mkuu wa idara. Nimeiandika usiku huu, kurasa mbili, na ruhusa isipotoka nitamhoji dada hivyohivyo kwa kalamu na daftari.