Sauti Ni Ileile, Lakini Nani Anasema?



Leo nataka tuongee kuhusu sikio lako. Tangu uamke umesikia sauti ngapi? Kuna ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kuna nabii wa TikTok. Kuna mhubiri wa redio kwenye matatu ukitoka Kitengela kwenda Nairobi. Wote wanataja jina la Yesu. Lakini umewahi kujiuliza ni nani hasa anasema, na anataka nini kwako?

Wazee wetu walilijua swali hili. Redio ilipoanza Kenya mwaka 1928 haikuwa yetu. Ilitangaza kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alikumbukwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa vijana wake walikuwa vitani na jamaa zao walihitaji habari. Televisheni ikaja mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ikachukua utangazaji na kuuita Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 jina la KBC likarudi. Katika miaka hiyo yote, sauti ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sababu zake.

Kuna mzee mmoja wa kanisa, upande wa Isinya, ambaye sebule yake ni kama makumbusho ya utangazaji. Nilipomtembelea mwezi jana alinionyesha redio yake yenye koti la ngozi, ile ya kutumia mawe. Mawe yakiisha nguvu, aliyaanika juani ili apate walau taarifa ya habari ya saa saba. Kando yake kuna runinga ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, iliyowashwa kwa betri ya gari. Juu yake kuna king'amuzi alichonunua mwaka 2015, mitambo ya zamani ilipozimwa.

Nikamuuliza, "Mzee, ni siku gani ya redio huwezi kuisahau?"

Akasema, "Pasta, ni Jumapili ile ya mapinduzi."

Ilikuwa tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga waliteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Wakenya waliijua sauti hiyo kama wanavyomjua jirani. Siku hiyohiyo askari watiifu wakakikomboa kituo, na Mbotela yuleyule akatangaza kwamba serikali ipo. Mtangazaji ni mmoja, siku ni moja, lakini matangazo ni mawili yanayopingana.

Mzee akaniambia, "Ile ya asubuhi nilijua ni Mambo, lakini maneno hayakuwa yake. Nikamwambia mama asitoe watoto nje, tungoje. Nikatafuta BBC ya Kiswahili nisikie nao wanasemaje."

Mpendwa, uone hekima hiyo. Sauti aliipenda, lakini hakuikimbilia. Alingoja, akapima.

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili limenikosesha usingizi. Mama mmoja katika ushirika wetu, ambaye ameniruhusu niseme, alitumiwa ujumbe wa sauti. Mtu asiyemjua alisema mama fulani mwenye presha amepona, na kumeza dawa ni kumkosea Mungu. Mama akaamini ni yeye. Akaziweka dawa kabatini. Wiki ya tatu alianguka jikoni. Tunamshukuru Mungu yuko hai, lakini mpaka leo mkono wake wa kulia haushiki kikombe.

Mimi ni mpentekoste. Naamini Yesu anaponya, na nimeona akiponya. Lakini Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Mungu akikuponya, daktari atapima na kukuta umepona. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu alikuwa amepewa agizo wazi. Kisha nabii mzee wa Betheli akamjia, akadai malaika amesema naye, na alikuwa akimdanganya. Mtu wa Mungu akamfuata, na simba akamuua njiani. Aliyemponza hakuwa mpagani. Alikuwa mzee mwenye cheo cha nabii. Ndiyo maana Yohana, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, anatuagiza tuzipime roho.

Kwa hiyo wiki hii, sauti yoyote ikikujia kwa jina la Bwana, uliza mambo matatu. Je, inakubaliana na Neno lote, au imenyofoa mstari mmoja? Je, msemaji anajulikana, ana kanisa na wazee wanaoweza kumkanya? Je, inakuharakisha utume pesa, uache dawa au ugombane na mwenzi wako kabla hujashauriana na mtu? Ikikuharakisha, ngoja. Mungu hakasiriki ukipima.

Baba, tupe masikio yanayoijua sauti ya Mchungaji Mwema. Mguse mama yetu, urudishe nguvu za mkono wake. Katika jina la Yesu, amina.

Na kabla hujamtumia mwenzako ujumbe huu, fungua Biblia yako kwanza usome sura hiyo. Hata mimi nipime.