Mwanga wa Matumbawe: Funzo la Malindi kwa Mwenye Tangi la Samaki

Si ajabu siku hizi kuingia katika nyumba ya watu jijini ukakuta tangi la kioo sebuleni, samaki wakiogelea huku na huku, na watoto wakilitazama kuliko wanavyoitazama televisheni. Wapo wasiotosheka na samaki. Wanataka pia matumbawe ya baharini, yale yanayochanua kama maua. Hapo ndipo huzuka swali: yawekewe taa gani? Basi kabla hujafungua mkoba kununua taa yoyote, funga safari moja hadi Malindi. Huko taa ni jua lenyewe, na tangi ni Bahari Hindi.

Safari yenyewe si ngumu. Ukitoka Nairobi unaweza kupanda treni ya reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017, ukashuka Mombasa, kisha ukashika matatu ya kwenda Malindi, mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Hifadhi ya bahari iko kusini mwa mji. Hifadhi hiyo na jirani yake ya Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Uliza mapema saa za maji kupwa na kujaa, kwani wakati wa bamvua maji huweza kupanda na kushuka kwa mita 3 au zaidi. Wakati mwema wa kuyaona matumbawe ni maji yakiwa yamepwa, nao mabaharia wa hapo wanazijua saa hizo kama wazijuavyo nyumba zao.

Mashua itakufikisha kwenye fungu. Vaa miwani ya mbizi na mrija wa kupumulia, watoto wavae jaketi za kuelea, kisha tia uso majini. Hapo utawaona pono wakiguguna miamba kwa midomo yao migumu, kangaja wakipita makundi kwa makundi, na pengine chewa amejibanza pangoni. Lakini tulia kidogo uyaangalie matumbawe yenyewe. Usikanyage wala usishike, maana tumbawe si jiwe wala mmea. Ni mnyama mdogo laini, anayejenga nyumba yake ya chokaa akiwa pamoja na maelfu ya wenzake.

Mnyama huyu ana wapangaji. Ndani ya mwili wake huishi vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijimea hivyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula kama yafanyavyo majani ya muhindi shambani, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenye nyumba. Naye huwapa wapangaji makao salama na mbolea. Ndiyo sababu tumbawe likikosa mwanga hufa njaa, hata kama limezungukwa na maji safi.

Sasa tazama lilivyo kila moja na mahali pake. Karibu na uso wa maji, penye jua kali, utaona yale yenye matawi kama pembe za kulungu. Kwenye kina zaidi utakuta mengine yametandaza miili yao kama sinia, yapate kukinga kila mwale unaowafikia. Rangi nazo hubadilika. Maji humeza wekundu kwanza, na buluu ndiyo ifikayo mbali. Mpiga mbizi akishuka na kitambaa chekundu, akifika mita 10 hivi atakiona kimefifia kama cha kahawia.

Hayo ndiyo mafunzo ya kurudi nayo nyumbani. Kwanza, balbu ya kawaida ya sebuleni haitoshi. Tafuta taa ya matumbawe yenye mwanga mweupe uliochanganywa na buluu nyingi. Za LED hula stima kidogo na hazichemshi maji kama zile za zamani. Pili, jua unafuga nini. Matumbawe laini mengi huridhika na mwanga wa wastani, lakini ya matawi hutaka mwanga mkali na huwekwa juu, karibu na taa. Tatu, usiyashtue. Anza na mwanga hafifu, uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Nne, yape usiku. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha, na swichi ya saa itakukumbushia. Na ununuapo, dai matumbawe yaliyokuzwa na wafugaji. Kuchuma katika hifadhi ni hatia, na matumbawe magumu yamo katika orodha za mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali.

Lakini Malindi ina somo jingine, zito kuliko la taa. Kaskazini kidogo mwa mji, Mto Sabaki unaingia baharini. Mvua zikinyesha bara, mto huja mwekundu kwa udongo. Pepo za kaskazi zikivuma, tope hilo husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe, maji yakawa kama chai ya maziwa, na mwanga ukazuiwa usifike chini. Na Sabaki ni nani? Ni ule ule Mto Athi, unaopokea maji ya Mto Nairobi, ukapita Tsavo ukiitwa Galana. Shamba lisilo na matuta Machakos, au mlima uliokatwa miti, huzima taa Malindi.

Joto nalo ni adui. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yaliwafukuza wapangaji wao, yakapauka yakawa meupe, na mengi pwani ya Kenya yakafa. Upaukaji ulirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Ajabu ni kwamba wakati wa joto mwanga ule ule unaowalisha huzidisha madhara, kama jua la adhuhuri kwa mgonjwa wa homa.

Kwa hiyo, msomaji, ukishatundika taa yako sebuleni na matumbawe yakachanua, waambie watoto habari yote. Tangi lako likiharibika utanunua jingine. Fungu la Malindi ndilo makazi ya samaki wanaowalisha wavuvi wa pwani, na tumbawe likishakufa huchukua miaka mingi kuota tena. Duka la kulinunua halipo. Zuia udongo shambani kwako, panda mti, usitupe taka mtoni. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na tunachokitupa bara marejeo yake ni baharini.