Pete Iliyofunguka

Mwanafunzi yule wa kemia alilelewa Vanga, na karo yake ilitoka katika nyavu za babaye. Alasiri moja alisimama katika maabara ya chuo akiwa na ketoni iitwayo sikloheksanoni, na agizo la kuigeuza iwe amidi ya mviringo, yaani kaprolaktamu.

Hatua ya kwanza haikumsumbua. Ketoni ilichanganywa na haidroksilamini, na punde fuwele nyeupe za oksimu zikatuama. Hatua ya pili ndiyo iliyomtoa jasho. Oksimu hupashwa moto ndani ya asidi kali ya salfuriki. Mmenyuko ukishaanza, moto huondolewa upesi, kwani mchanganyiko huchemka wenyewe kwa kishindo. Hapo ndipo pete ya kaboni 6 inapofunguka, nitrojeni iliyokuwa ikining'inia nje ikaingia ndani, na pete ikawa ya atomi 7. Mjerumani Ernst Otto Beckmann aliivumbua njia hii mwaka wa 1886.

Kisha asidi hutulizwa kwa amonia, tone baada ya tone, chombo kikiwa ndani ya barafu. Saa za maabara zilikuwa zikiyoyoma, naye akaharakisha. Kipimajoto kikapanda. Alilitoa zao lake majini kwa kiyeyushi mara moja tu, kisha akayamwaga maji, akisahau kwamba kaprolaktamu huyeyuka mno katika maji. Fuwele alizobaki nazo hazikujaa kijiko cha chai.

"Zao lako umelimwaga," mkufunzi alimwambia.

Wakati wa likizo babaye, aliyekuwa akishona wavu barazani, alimwuliza, "Mwanangu, huko chuoni mnapika nini?"

Kijana alinyamaza. Yote aliyojua aliyapokea kwa Kiingereza. Akautazama wavu, akakumbuka kwamba mwaka wa 1938, mjini Berlin, Paul Schlack aliziunganisha pete hizo zikawa uzi mrefu, nailoni 6, ambao hadi leo hutumiwa kufuma nyavu na kusokota kamba.

"Twapika mbegu ya uzi kama huu, Baba. Watu sita wameshikana mikono kwa duara. Wawili wakaachana, mgeni akaingia kati yao, wakashikana tena wakiwa saba. Maduara mengi yakifunguliwa na kuungwa, huwa uzi."

Maneno hayo alikuwa nayo tangu utotoni.

Mzee alitafakari. "Na wewe ulipata kiasi gani?"

"Hata kijiko hakikujaa."

"Basi ulifanya haraka," akasema mzee, akaendelea kushona.