Lyon: Kila Tonge na Neno Lake

Saa mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa Februari, mto Saône una rangi ya chai ya maziwa na upepo wake unauma masikio. Kwenye ukingo wa Saint-Antoine, chini ya miti iliyopukutisha majani, wachuuzi wamekwisha kupanga meza zao: tufaha, vitunguu, jozi kubwa za Grenoble zenye maganda magumu, samaki juu ya barafu, na jibini za kila umbo. Ng'ambo ya mto nyumba za zamani zimejipanga kwa rangi za manjano, waridi na udongo mwekundu, na juu yake, kilimani, kanisa jeupe la Fourvière linautazama mji mzima.

Nimesimama na daftari mkononi. Pembeni yangu yuko mama mwenyeji wangu, mzaliwa wa Bukavu aliyeishi Lyon kwa miaka mingi, na mjukuu wake wa miaka saba. Mtoto huyu anaelewa Kiswahili cha bibi yake, lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kifaransa. Mama ameniwekea sharti moja tangu nilipofika: “Usikule kitu yenye haujajua jina yake.” Kila tonge na neno lake. Nami kwa kila neno nitakalopewa, nitamlipa mjukuu neno moja la Kiswahili.

Neno la kwanza halikuwa la chakula. Ni “bonjour”. Kwetu mtu haingii nyumba ya watu bila hodi. Hapa duka, tanuri la mikate, basi, hata meza ya muuza karoti vina hodi yake, na hodi hiyo ni bonjour. Ukianza na shida yako kabla ya salamu, uso wa muuzaji unafungika. Ukisalimu kwanza, unafunguka. Likafuata “je voudrais”, ningependa, ambalo ndilo “naomba” letu la sokoni. Kwa maneno hayo mawili tayari mtu anaweza kununua kiamsha kinywa.

Kisha tukafika penye bei, na hapo nikaelewa kwa nini wanafunzi wengi hukata tamaa. Jibini ndogo ya Saint-Marcellin, laini kiasi cha kumwagika kwenye kijiko, iliuzwa kwa euro 3 na senti 90. Muuzaji akasema “trois euros quatre-vingt-dix”: tatu, na nne-ishirini-na-kumi. Mfaransa hufika tisini kwa kuhesabu ishirini mara nne na kuongeza kumi. Mama akacheka kwa upole, akaninong'oneza kuwa wao Kongo, kama Wabelgiji, husema “nonante” na mambo yakaisha. Mtoto akaniuliza kwetu ni nini. Tisini, nikamwambia. Akalirudia mara tatu, kana kwamba analionja.

Ni hapo sokoni pia nilipolielewa neno la Kiswahili nililolisoma tangu utotoni vitabuni. Mfaransa hasemi anataka mkate tu. Husema “du pain”, kiasi cha mkate. Krimu ni “de la crème”, jozi ni “des noix”. Na mvinyo ni “du vin”. Hilo ndilo “divai” letu, ambalo asili yake hutajwa kuwa Kifaransa hicho hicho: neno liling'olewa pamoja na neno dogo linalolitangulia, kama mche unaohamishwa na udongo wake. Mimi sinywi divai, lakini nilifurahi kulikuta neno hilo nyumbani kwao.

Tukavuka mto kuingia Vieux Lyon, mji mkongwe. Anayeujua Mji Mkongwe wa Zanzibar au vichochoro vya Lamu atatembea hapa kwa moyo mkunjufu: njia nyembamba, kuta ndefu, milango mizito ya mbao. Tofauti ni kwamba Lyon vichochoro vingine vimepita ndani ya nyumba. Huitwa “traboules”. Unasukuma mlango wa namba 54 mtaa wa Saint-Jean, unaingia ukumbi wa giza, unatokea kwenye ua wenye ngazi za mawe zilizojizungusha, unaingia giza tena, ua mwingine, hadi unatokeza namba 27 mtaa wa Bœuf, mtaa wa pili kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili njia hizi ziliwaficha wapiganaji waliopinga utawala wa Kinazi. Watu bado wanaishi humo, kwa hiyo mgeni hupita kimya. Neno nililoandika pale ni “la cour”, ua. Mwaka 1998 UNESCO iliuweka moyo wa mji huu katika Urithi wa Dunia.

Njaa ilipouma tuliingia kwenye “bouchon”, mgahawa wa kiasili wa Lyon: meza zimebanana, vitambaa vya mirabamiraba, menyu imeandikwa kwa chaki ukutani. Hapa msamiati ulikuwa kwangu jambo la imani. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na jiko la Lyon limejengwa sana juu ya nguruwe. Tatizo ni kwamba ukutani neno “porc” huenda usilione kabisa. Limejificha ndani ya “saucisson”, ndani ya “andouillette”, ndani ya “lardons”, vile vipande vidogo vinavyonyunyiziwa juu ya saladi ya Lyon isiyo na hatia machoni. Nilikariri sentensi moja kabla ya nyingine zote: “Est-ce qu'il y a du porc dedans?” Ndani yake mna nguruwe? Mhudumu hakukunja uso. Alikaa karibu na meza, akapitia chakula kimoja kimoja, akanionyesha nilichoweza kula. Maneno niliyoyajifunza ndani ya dakika zile tano yamekaa kichwani kuliko ya miezi mitatu ya darasani.

Akaniletea “quenelle de brochet”. Brochet ni samaki wa maji baridi mwenye miiba mingi ya kuudhi. Watu wa hapa hawakumwacha. Walimtwanga na kumchuja, wakamchanganya na unga, mayai na siagi, wakamfinyanga kama tonge refu, kisha wakamchemsha na kumwoka ndani ya mchuzi wa Nantua, uliotengenezwa kwa kamba wa mtoni. Huja mezani amefura, uso wake umekuwa wa dhahabu, na mchuzi unachemka pembeni. Ukimkata, ni laini kama sponji, na ladha ya samaki inakuja polepole, nyuma ya siagi. Kwetu mwambao tunazo kababu za samaki. Najua kazi ya kumpa samaki mwenye miiba umbo la heshima.

Alasiri tulipanda Fourvière kwa treni ya mlimani, ambayo wenyeji huiita “la ficelle”, yaani kamba. Juu kuna ukumbi wa maonyesho wa Kirumi, mabaki ya mji wa Lugdunum ulioasisiwa mwaka 43 K.K. Mtoto alikimbia juu ya ngazi za mawe zilizokwisha kukanyagwa kwa miaka elfu mbili. Kutoka uwanja wa kanisa unaiona mito miwili, Rhône na Saône, ikiteremka kusini kwenda kukutana, na siku angavu huonekana hata theluji ya Mont Blanc.

Wenyeji husema Lyon ina vilima viwili: “la colline qui prie”, kilima kinachosali, yaani Fourvière, na “la colline qui travaille”, kilima kinachofanya kazi, yaani Croix-Rousse. Kesho yake tulipanda hicho cha pili. Humu waliishi “canuts”, wafumaji wa hariri. Nyumba zao zina dari za juu sana kwa sababu mitambo ya Jacquard ilikuwa na kimo cha karibu mita 4, na familia ililala pembeni ya mtambo. Katika jumba la Maison des Canuts mtambo unafumishwa mbele yako, nawe unasikia kwa nini wenyeji waliuita “bistanclaque”. Ni tanakali ya sauti, kama tunavyofanya sisi na pikipiki tukaiita tukutuku.

Wafumaji hao waliinuka Novemba 1831 kudai bei ya haki ya kazi yao. Bendera yao ilibeba maneno haya: “Vivre en travaillant ou mourir en combattant.” Kuishi kwa kufanya kazi, au kufa kwa kupigana. Nimejifunza vitenzi vingi kutoka kwenye majedwali. Hivi vinne nilijifunza nikiwa nimesimama katika ua wa Voraces, chini ya ngazi kuu ya mawe, na sidhani nitavisahau.

Chakula cha mchana huko juu kilikuwa “cervelle de canut”. Jina lina maana ya bongo la mfumaji, lakini ndani yake hamna bongo wala nyama: ni jibini nyeupe mbichi iliyopigwapigwa pamoja na majani ya vitunguu, vitunguu maji vidogo, chumvi, pilipili manga, mafuta na siki. Unaipaka kwenye mkate au kuila na viazi vya kuchemsha. Ni chakula cha watu wasiokuwa na pesa ya nyama, kikali, baridi na chenye heshima.

Mama alinionyesha pia, mtaa wa Royale namba 12, mgahawa wenye jina la La Mère Brazier. “Mère” ni mama. Sifa ya Lyon kama mji wa chakula iliinuliwa na wanawake walioitwa “mères”, wengi wao wapishi wa nyumba za matajiri walioondoka kwenda kufungua majiko yao wenyewe. Eugénie Brazier alifungua hapa mwaka 1921, na mwaka 1933 alikuwa amefikisha nyota sita za Michelin, tatu kwa kila mgahawa wake kati ya miwili. Paul Bocuse, ambaye soko kubwa la ndani la mji huu limepewa jina lake, alijifunza kazi jikoni kwake. Nilipolisoma jina lile mlangoni niliwaona mama ntilie wa nyumbani wakiinamia masufuria alfajiri, nikatamani siku moja mtaa wa kwetu nao uandike majina yao ukutani.

Siku ya mwisho tulishuka Guillotière, ng'ambo ya Rhône, mtaa wa watu wa Maghrebi, Asia na Afrika. Nilikuwa natafuta nazi na iliki. Kwenye rafu za duka nilisoma lebo moja moja: “sucre”, “café”, “safran”, “sirop”. Nikasimama. Sukari. Kahawa. Zafarani. Sharubati. Maneno haya yalitoka nyumba moja ya Kiarabu. Mengine yakashuka na majahazi hadi mwambao wetu, mengine yakavuka Bahari ya Kati hadi Ulaya. Nilikuja Lyon nikidhani naingia ugenini kabisa, kumbe daftari langu lilikuwa na ndugu zangu tangu ukurasa wa kwanza.

Jioni ile nilipika. Madirisha ya wauza mikate yalikuwa yamejaa “bugnes”, vitafunio vya unga vya Lyon vya msimu wa kabla ya Kwaresima, vinavyokaangwa na kunyunyiziwa sukari ya unga. Mama alinunua sahani moja. Mimi nikakanda maandazi ya tui na iliki, nikayakaanga, nikayaweka karibu yake mezani. Vilifanana kama watoto wa mashangazi.

Mtoto alichukua andazi, lingali la moto, akalipuliza. Akalisogeza mdomoni, kisha akaliteremsha. Aliniangalia, akamwangalia bibi yake, akauliza kwa Kiswahili:

“Hii inaitwaka nini?”