Mnyoo wa Uzi, Mnyoo wa Udongo

Sisi wa Pwani hatuujui mshipi usio na chambo chenye harufu: ngisi, pweza, dagaa. Kitale nilimkuta mzee akitengeneza chambo kisicholika. Ameibana ndoana ndogo kwenye jiliwa la mezani, anaizungushia waya mwembamba wa risasi, kisha analaza juu yake uzi mwekundu wenye malaika na kuufunga, ncha zote mbili zikining'inia. Mwisho anazisogeza ncha hizo kwenye moto wa kiberiti zipate kuchongoka. Hapo uzi umekuwa mnyoo. Wengine huongeza shanga ya tungsteni, madini mazito kuliko hata risasi.

Uzito huo ndio ulionishika. Kwetu chubwi hukaa mbali kidogo na ndoana. Hapa limefichwa tumboni mwa chambo chenyewe. Samaki anayetafutwa ni trauti, naye hupenda kujibanza chini, nyuma ya mawe, akielekea mkondo unakotoka. Mvua ikibomoa kingo, nyungunyungu hubingirishwa na maji mpaka mdomoni mwake. Mnyoo wa uzi ukielea juu, haumpati.

Tulivua Mto Suam, unaoteremka kutoka Mlima Elgon, maji baridi na maangavu hata changarawe zinahesabika. Trauti si mwenyeji wa Kenya: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandwa Mto Gura kule Aberdare. Mzee alimnasa mmoja, akamtazama, akamrudisha. “Huyu bado, mwanangu.” Mimi niliyelelewa kwenye nyumba inayongoja kitoweo, mkono ulinisimama.

Kisha nilishuka Bungoma. Huko ni chini zaidi, na joto la maji yake trauti halimfai. Kando ya Mto Nzoia vijana huchimba nyungunyungu migombani, wakamtunga angali hai, wakatupa kwa fimbo ya mwanzi kumtafuta kambare. Maji ni tope. Kambare hapapasi kwa macho bali kwa sharubu na harufu. Nikajiona nyumbani kabisa.

Nilimwonyesha kijana mmoja ule mnyoo wa Kitale. Akaunusa, akaupima kiganjani, akaniomba ruhusa ya kuufumua. Uzi akanirudishia. Risasi akaizungushia ndoana yake, akatunga nyungunyungu juu yake, akatupa.