Eldoret au Uturuki

Barua mbili ziliingia nyumbani kwetu katika muda wa wiki mbili, na zote zilikuwa za heri. Ya kwanza ilimpangia binti yetu nafasi katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, asomee udaktari kwa miaka sita. Ya pili ilikuwa ya ufadhili wa serikali ya Uturuki: ada, bweni, bima ya afya na posho ya kila mwezi, vyote bila ya malipo. Wazazi wengi huomba mlango mmoja tu ufunguke. Sisi tulifunguliwa miwili, na usingizi ukatupaa.

Watu walituamulia mapema. Cha bure hakiachwi, walisema, na nchi yenyewe ni ya Waislamu. Ami yake mkubwa aliuliza kama si huko ambako wasichana walikuwa wakikatazwa mitandio vyuoni. Tukamweleza kuwa marufuku hayo yaliondolewa zamani. Nyanya yake hakuuliza lolote ila mtoto atakula nini.

Kilichotuvuta hasa kuelekea Uturuki ni mkopo. Katika utaratibu wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, karo ya mwanafunzi wa chuo cha umma hugawanywa mafungu: sehemu ni ruzuku ya serikali, sehemu ni mkopo wa HELB, na iliyosalia ni juu ya familia. Mkopo huo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mwenye kuulinganisha na mikopo ya benki atasema ni nafuu, na kwa hesabu ya soko atakuwa amesema kweli. Kwetu haikuwa hesabu ya soko. Tulimwendea sheikh wetu, tukitaraji atuambie hii ni dharura au si dharura, basi tuondoke na jibu. Yeye alituuliza: "Jamaa zenu mumeshawauliza?" Hatukuwa na la kumjibu, kwani kuomba ndugu ni kuzito kuliko kujaza fomu.

Upande wa Uturuki nao ulikuwa na hesabu zake. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki, ndipo huanza miaka sita ya udaktari, jumla saba. Tikiti ya ndege inayolipiwa ni ya kwenda mwanzoni na kurudi mwishoni. Katikati, kila safari ya nyumbani ni ya mfuko wetu. Nyanya yake amevuka miaka themanini. Hesabu hiyo kila mtu aliipiga kimoyomoyo, na hakuna aliyeitamka mbele yake.

Kisha kuna kurudi kwenyewe. Aliyesomea mbali na Afrika Mashariki hukabiliwa na mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya kuanza mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Wala aliyesomea hapa hapa hana njia nyeupe: mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 56, na katika yaliyogombewa ni malipo ya hao hao waliomaliza chuo wakawa wanangoja kupangiwa hospitali. Tulimsomea binti yetu habari hizo zote. Hatukutaka aingie katika kazi hii akidhani kwamba shahada ndiyo ajira.

Jambo lililotukaa zaidi lakini lilikuwa la lugha. Udaktari haumaliziki vitabuni; miaka ya mwisho mwanafunzi husimama kando ya kitanda na kumuuliza mgonjwa. Mwanamke wa kwetu akisema ana chango, au anasikia moto nyayoni, hazungumzi lugha ya kitabu, na daktari asiyeyajua maneno hayo huandika dawa ya kitu kingine. Tumekaa kwenye mabenchi ya zahanati tukawaona kina mama wakinyamaza mbele ya daktari mwanamume, wakampa nusu ya ugonjwa na kurudi na nusu nyingine nyumbani. Tulimwambia binti yetu kuwa kwa hao, Kituruki hakitamfaa.

Akatujibu kwa adabu kwamba hoja yetu ina tundu. "Na mabibi wa Eldoret nao wana Kikalenjin chao," alisema. "Huko pia nitakuwa mgeni." Tukacheka, kwa sababu alikuwa na haki. Lakini yeye alikuwa na sababu yake, wala hakuichukua kwetu: chuo cha Moi hupeleka wanafunzi wake wa udaktari katika vituo vya afya vya mashinani, wakakae na jamii na kujifunza humo. Alitaka kuona ugonjwa mahali unapoanzia, kabla haujafika hospitali kuu. Na malaria na selimundu, alisema, hapendi kuzisoma kama habari za nchi ya mbali.

Aliswali istikhara, nasi tukaswali. Wapo waliomuuliza kila asubuhi ameota nini. Hakuota kitu. Istikhara tuliyofundishwa ni kumuomba Mola baada ya kushauriana na kupima, kisha mtu akaendelea na lile lililomtulia moyoni. Kungoja ndoto ni mazoea tu ya watu. Siku ya nne alituambia ni Eldoret.

Ndipo tukafanya lile sheikh alilotuelekeza. Baada ya Isha tuliwakalisha jamaa na kuwaeleza tarakimu bila ya kuficha. Ami yule wa mitandio alibeba karo ya mwaka wa kwanza. Mama yake mdogo akachukua kodi ya chumba. Ruzuku tumeiomba, fungu la mkopo tumeliacha. Mwaka wa pili una ahadi. Mwaka wa tatu bado hauna mtu, na tumeandika hivyo kwenye daftari ili asijifanye yeyote kuwa hajui.

Nyumba tunayoijua ilimpeleka kijana wao Uturuki mwaka huo huo, na hatuwaoni kuwa walikosea. Wao hawakuwa na ami wa kumwendea.

Eldoret ni nchi ya juu na baridi yake si mchezo. Nyanya anamfumia sweta ya pili, na binti mwenyewe hupita nyumbani akitusalimu "Chamgei" mpaka tumeanza kumuitikia.